Nishikie Penseli

Oneda Tuttle aliolewa na dereva wa mbio za magari, akaishi naye miaka ishirini na miwili, na hakuwahi hata siku moja kumwona mumewe akiendesha mbio.

Msicheke. Uwanjani alikuwepo kila Jumamosi, jua liwake au vumbi litimke, benchi la mbele kwenye jukwaa la waandishi, ubao mapajani, kadi juu ya ubao, penseli mkononi. Kazi yake ilikuwa kuandika. Kila gari lilikuwa na mwandishi wake, aghalabu mke au mama wa dereva, maana nani mwingine angekubali kukaa saa mbili ameinamisha shingo bila malipo? Gari lako likikata mstari mweupe, unatupa jicho kwenye saa kubwa iliyo mbele yako, unaandika dakika na sekunde kwenye kisanduku cha mzunguko huo, unainama kungojea mwingine. Sekunde ishirini na sita zikipita, hilo hapo tena. Ukijitia kulifuata kwa macho hadi kona ya pili, utarudi ukute magari saba yamepita na hujui lako ni la ngapi.

Na kadi ndiyo iliyokuwa hakimu. Bendera ilikuwa ya kuwafurahisha watu tu. Mbio zikiisha, kadi zinakusanywa, zinasomwa, na mshindi ni yule ambaye kadi yake imejaa kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pale uwanjani Brushy Gap walikuwa na lao la kusema: mzunguko usioandikwa haukuzungukwa. Ungeweza kukata mstari mbele ya dunia nzima, mwandishi wako akiwa amesinzia, umekwenda kutalii.

Basi Oneda alimjua dereva Verlon Tuttle kwa kumwona nukta moja tu, anapokata mstari. Gari la njano, namba kumi na nne, vumm, limepita. Mengine yote aliyasikia kwa watu.

Na watu walikuwa na mengi ya kusema. Wa mbali wakisikia habari za dereva mkongwe kutoka vilima vya Karolina Kaskazini, hukimbilia kusema, aa, huyo alijifunza kwa kuwatoroka polisi na pombe haramu garini. Wengine ndiyo, sikatai. Verlon alijifunza kwa kubeba mayai. Baba yake alikuwa na kuku elfu mbili, lori bovu, na njia ya mlimani iliyojaa makorongo. Tangu akiwa na miaka kumi na minne Verlon aliteremsha mayai kila asubuhi kwenda mjini, na sheria ya baba ilikuwa fupi: yai litakalovunjika ndilo chakula chako cha jioni. Mwezi wa kwanza mayai yalimtokea puani. Mwezi wa pili mama yake alilazimika kumpikia kitu kingine, kwa kuwa hapakuvunjika hata moja.

Aliingia kwenye mbio mwaka 1949 na gari kuukuu la mjomba wake, na mara ya tatu tu akashinda. Baada ya hapo hakushikika. Jumatatu hadi Ijumaa alitengeneza malori ya kampuni ya kuku. Jumamosi alikuwa kwenye udongo mwekundu, kutoka Virginia hadi Georgia, anazipita kona taratibu kama mtu asiye na haraka, na bado yuko mbele. Mashabiki wakamwita Mayai. Wapinzani nao wakamwita Mayai, ila kwa sauti nyingine. Mwaka 1961 alikwenda kujaribu bahati kwenye mbio kubwa za lami, msimu mmoja, akarudi na mfupa wa bega uliovunjika na kinyongo. "Kule hakuna udongo," alisema. "Unaendesha umekakamaa kama uko kanisani." Ushindi mia moja na kumi na moja alikuwa nao, na kadi zake zote zilikuwa chini ya kitanda chao, ndani ya maboksi ya viatu, kwa mwandiko wa Oneda.

Kasoro kadi moja. Hiyo ilikuwa kwa mwandiko wa Gaither, kaka yake Oneda, na Oneda hakuitia boksini. Aliichoma.

Ilikuwa Oktoba 1958, siku ya Mia Mbili, mbio ndefu kuliko zote za Brushy Gap, mizunguko mia mbili, mbio ambazo mtu wa vilima vile akizishinda jina lake linachorwa ukutani na halifutwi. Oneda alikuwa hospitali akimzaa binti yao Darlene, kwa hiyo kadi akapewa Gaither. Verlon aliongoza. Mizunguko ya mwisho Gaither alipandwa na furaha, akasimama juu ya benchi, akawa anapunga kofia kwa mkono mmoja na penseli kwa mkono wa pili, na kadi ikabaki na visanduku viwili vitupu. Verlon ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata mstari. Kombe likaenda kwa mpinzani wake, Burl Casstevens. Na aliyeketi benchi moja na Gaither siku ile, ameinama, anaandika kadi ya Burl kwa utulivu wote, alikuwa mkewe Burl, Mozelle.

Tangu hapo Oneda aliapa kwamba hatainua kichwa. Mbingu ianguke, yeye ataandika saa iliyoanguka.

*

Sasa ilikuwa Oktoba 1971, na Verlon alikuwa na miaka arobaini na sita. Asubuhi, mbele ya sahani ya vimkate vya moto na mchuzi wa nyama, alisema kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama, leo ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho ya mwaka?"

"Ya mwisho kabisa. Macho yameanza kunidanganya jua likizama. Nataka Mia Mbili hii, halafu nafunga."

Oneda aliweka chini kikombe. Mia Mbili mume wake alikuwa hajawahi kuishinda: wa pili mara tatu, na ile ya Gaither ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitaja mezani. Ushindi mia na kumi na moja kwenye viwanja vya watu, na nyumbani kwao, maili tano kutoka sanduku lao la barua, hakuna.

"Basi nichongee penseli," alisema.

Hiyo ilikuwa desturi yao. Kabla ya kila mbio Verlon alitoa kisu chake cha mfukoni na kumchongea penseli, taratibu, ncha ndefu nyembamba. Hakuwa mtu wa maua.

Uwanjani watu walikuwa wameshajaa hadi juu ya mapaa ya malori. Harufu ya kuku wa kukaanga na petroli, watoto na soda, na mgeni mmoja aliyefungua mfuko wa karanga za maganda akafukuzwa kwa kelele hadi nje ya geti, kwa kuwa karanga za maganda na magari ya mbio haviwekwi pamoja, ni mkosi, na asiyejua akafundishwe kwao. Oneda alimkuta Verlon amesimama mbele ya gari la njano. Juu ya boneti palikuwa na yai bichi.

"Nani kaweka?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi hapa, Bi Oneda!" Randall Casstevens alikuwa ameegemea gari lake jeusi namba hamsini na mbili, miaka ishirini na mitatu, nywele zimepakwa mafuta, meno yote nje. Alikuwa mtoto wa marehemu Burl, na mwaka ule alikuwa ameshinda mara tisa. "Mzee Mayai, leo nakukaanga! Unataka kiini kiive au kibaki laini?"

Vijana wake wakaangua kicheko. Verlon alilichukua yai, akaligeuzageuza mbele ya jua kama mnunuzi, akalitia kwenye mfuko wa shati.

"Asante, kijana. Nitalila kesho na kahawa, nikiwa naliangalia kombe."

"Oooh!" wakapiga kelele hata wale vijana wa Randall.

Oneda alipanda jukwaani. Benchi lake lilikuwa lilelile, na Mozelle Casstevens alikuwa ameshakaa upande wake wa siku zote, na mto wake wa kukalia na penseli yake nene ya seremala. Burl alikuwa seremala. Tangu afariki kwa moyo, Mozelle alimaliza penseli zake moja baada ya moja, sasa kwa kadi za mwanawe.

"Umechelewa, shoga. Nilidhani umemwogopa Randall."

"Namwogopea Randall. Mwambie asilie hadharani."

"Hewala! Yule analia tu akinyimwa mkate wa viazi."

Ndivyo walivyokuwa. Miaka ishirini bega kwa bega, nguo zao zimechafuliwa na vumbi moja, wanarushiana maneno hadi bendera ya kijani, kisha kimya. Urafiki? Oneda asingeuita hivyo. Ile kadi ya 1958 ilikuwa imekaa katikati yao kwenye benchi kama mtu wa tatu, na hakuna aliyewahi kumsogeza.

Lakini kulikuwa na penseli. Waandishi wa Brushy Gap walikuwa na ahadi yao, haikuandikwa popote. Mtu akibanwa, mtoto kaanguka, kichefuchefu kimemshika, damu ya pua, anampa jirani penseli na kusema, "Nishikie penseli." Basi jirani analazimika kuandika kadi zote mbili, yake na yako, kwa haki, hata kama gari lako ndilo linalomfukuza mume wake. Oneda aliwahi kumshikia Mozelle siku mvulana wake mdogo Randall alipotumbukia kwenye pipa la maji ya mvua. Mozelle aliwahi kumshikia Oneda joto lilipomwangusha. Lakini neno lazima litamkwe. Gaither hakulitamka, na penseli yake alikuwa nayo mkononi, akipunga.

"Akina mama na akina bwana, andaeni kadi!" aliita Bwana Hoyle Absher, mkuu wa waandishi, mzee mkavu aliyefundisha hesabu maisha yake yote na ambaye hakuwahi kumwongezea mtu hata nusu alama. Bendera ya kijani ikashuka, na vilima vyote vikatetemeka.

*

Mbio Oneda aliziona kwa masikio. Alijua injini ya Verlon kati ya ishirini na nne kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Vumm, jicho kwenye saa, andika. Vumm, andika. Umati ukiguna upande wa kushoto, ujue kuna jambo kona ya nne. Ukipiga kelele nyembamba, mtu amegonga. Mzunguko wa themanini Verlon alikuwa wa sita. Wa mia na ishirini, wa tatu. Ule udongo ulikuwa umekauka na kung'aa, vijana waliokuwa wanakanyaga mafuta kwa pupa tairi zao zikawa zimekwisha, na mzee wa mayai anawaokota mmoja mmoja.

"Huyo mumeo anapanda," alisema Mozelle bila kuinua kichwa.

"Wako hatoki pale mbele."

"Wangu hatoki leo."

Mzunguko wa mia na sabini wakabaki wawili, jeusi mbele, njano nyuma. Sasa zile vumm mbili zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba wanawake wale wawili walikuwa wanaandika kwa wakati mmoja, kiwiko kinagusana na kiwiko. Vumm-vumm. Andika, andika. Umati ulikuwa umesimama wote. Mbao za jukwaa zilikuwa zinapanda na kushuka chini ya miguu ya watu. "Mayai! Mayai! Mayai!" upande huu. "Mkaange! Mkaange!" upande ule. Oneda alikuwa anatokwa jasho hadi kwenye kope. Alifurahi, aliogopa, alitaka kupiga kelele, na aliuma mdomo. Mia na tisini. Mia na tisini na moja. Shingo inauma. Mia na tisini na mbili. Mungu wangu, minane tu imebaki. Mia na tisini na tatu, vumm-vumm, akaandika.

Halafu umati ukanyamaza.

Kelele alikuwa amezizoea. Kimya hakukizoea. Watu elfu nane kunyamaza kwa pamoja kuna maana moja tu, na kila mke wa dereva anaijua. Macho hayana pazia. Oneda aliinua kichwa.

Kona ya pili, juu kabisa kwenye uzio wa mbao, gari la njano lilikuwa limegeuka ubavu. Tairi la Randall lilikuwa limegusa la Verlon, na nyuma ya gari la njano ilipiga uzio, mbao zikaruka hewani kama njiti. Linapinduka, alijua linapinduka. Halikupinduka. Hapo ndipo alipomwona. Kupitia dirishani, kwa mbali, aliona mikono miwili juu ya usukani, na mikono ile haikuwa inapigana na kitu. Ilikuwa inalilaza gari lile kama mtoto. Ilizunguka kidogo, ikangoja, ikarudi kidogo, na gari zima likatulia, likanyooka, likatoka konani kwa kasi zaidi kuliko lilivyoingia.

"Aaaaah!" ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Hakuweza tena kuyarudisha macho chini. Jamani, angewezaje? Miaka ishirini na miwili alilala kando ya mikono ile, ikipaka siagi mkate, ikifunga bomba la jikoni, ikichonga penseli, na hakuna aliyemwambia. Watu walimwambia anaendesha taratibu. Si taratibu! Lilikuwa jambo lingine kabisa, na ndiyo mara ya mwisho, na yeye alikuwa karibu kulikosa lote. Alisimama. Alipanda juu ya benchi. Akapiga kelele hadi sauti ikapasuka.

Walipita mbele yake. Wakapita tena. Randall alikuwa anashika njia ya chini, gari lake linamponyoka nyuma kila kona na kila kona analirudisha kwa nguvu za ujana. Verlon alikuwa juu, kandokando ya uzio, pale ambapo hakuna aliyethubutu. Bendera nyeupe, mzunguko mmoja umebaki. Kona ya nne waliingia ubavu kwa ubavu, wakatoka ubavu kwa ubavu, na kwenye mstari gari la njano lilikuwa mbele kwa urefu wa boneti.

Uwanja ulilipuka. Watu wasiojuana walikumbatiana. Oneda alikuwa analia na kucheka, ngumi zote mbili juu, na ndipo alipoziona ngumi zake. Hazikuwa na kitu.

*

Penseli haikuwepo. Ubao haukuwepo. Kadi haikuwepo.

Mia na tisini na tatu. Hapo ndipo alipoishia. Visanduku saba. Gaither aliacha viwili, na yeye, aliyemnunia Gaither miaka kumi na mitatu, ameacha saba. Kule chini Verlon alikuwa anapanda juu ya paa la gari lake, helmeti mkononi, kichwa kizima cha mvi kimelowa jasho, anacheka kama mvulana. Hakujua kwamba mkewe amemmaliza.

Oneda aligeuka. Mozelle hakuwepo kwenye benchi. Alikuwa ameshafika kwenye meza ya Bwana Absher, na mbele yake palikuwa na mbao mbili za kuandikia.

Miguu ilimpeleka yenyewe. Alifika wakati mzee yule anaivaa miwani yake ya kusomea. Watu walikuwa wamejazana. Randall naye alikuwa amepanda jukwaani, uso mwekundu kwa udongo, amesimama nyuma ya mama yake. Verlon alifika mwisho, na watu wakampisha. Alimwangalia Oneda akatabasamu. Oneda alitazama chini.

"Namba hamsini na mbili," alisoma Absher. "Mizunguko mia mbili. Wa mwisho, dakika tisini na moja, sekunde kumi na moja." Akaisukuma kando. "Namba kumi na nne."

Kidole cha mzee kilishuka kwenye visanduku, safu baada ya safu, kikasimama. Akainua kadi karibu na macho.

"Mizunguko mia mbili. Wa mwisho, dakika tisini na moja, sekunde kumi." Kabla watu hawajapiga kelele aliinua mkono. "Ngojeni! Visanduku saba vya mwisho si mwandiko mmoja na vingine. Hii ni penseli nene. Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu," alisema Mozelle.

"Mama!" Randall aliropoka.

"Bi Mozelle, unaujua utaratibu. Bi Oneda alisema nishikie penseli?"

Watu wote walimgeukia Oneda. Angesema ndiyo, nani angempinga? Lakini Mozelle hakumngoja.

"Hakusema kitu," alisema Mozelle. "Alikuwa juu ya benchi anapiga mayowe kama amemwagiwa maji ya moto. Penseli yake ilianguka juu ya kiatu changu, ubao ukafuata. Penseli ikinifuata hadi mguuni, Hoyle, unataka iseme nini zaidi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Absher hakucheka. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Mama, umenikosesha Mia Mbili!" Randall alimsogelea. "Ungeacha tu! Ungeacha kadi yao, basi! Wewe ni mama wa nani?"

Mozelle aligeuka polepole.

"Wako. Ndiyo maana." Sauti yake haikupanda. "Mwaka hamsini na nane niliketi pale pale. Nilimwona Gaither amesimama, niliona visanduku vyake vitupu, na mimi nikainama nikaandika kadi moja. Alikuwa na penseli yake mkononi, nikajiambia, si kazi yangu. Kombe la baba yako liko juu ya kabati tangu siku ile. Umewahi kuniona nikilifuta vumbi?"

Randall alijifuta udongo usoni kwa mkono wa shati.

"Sikukuzaa nikushindie kwa penseli. Ukimtaka huyu mzee, mpite."

"Namba kumi na nne, mshindi," alisema Absher, akagonga meza kwa kiganja, na jukwaa zima likapiga kelele upya.

Walimbeba Verlon mabegani, wakamshusha, wakambeba tena. Alipofanikiwa kumfikia mkewe alinuka petroli na udongo, na kwenye mfuko wa shati palikuwa na doa kubwa la njano linalotiririka hadi kwenye mkanda.

"Limevunjika," alisema, anajitazama. "Kule kwenye uzio. Baba angenilisha hili."

Oneda alitaka kucheka akashindwa. "Verlon. Sikukuandika. Ile mizunguko saba ya mwisho. Niliacha kila kitu, nikasimama, kama Gaither, vilevile. Nusura nikupotezee."

Verlon aliinua macho kutoka kwenye doa. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuona."

Mzee wa watu! Alishinda mara mia na kumi na mbili na hakuwahi kuonekana kama alivyoonekana wakati ule, midomo inacheza, hajui mikono aiweke wapi. "Hata ile ya uzio?" aliuliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hasa ile ya uzio."

Wakamwita kwenye picha, wakamvuta. Oneda alirudi kwenye benchi kuchukua sweta yake. Watu walikuwa wanateremka, vumbi lilikuwa linatua taratibu juu ya uwanja, na Mozelle alikuwa ameketi peke yake upande wake wa siku zote, mto wake mapajani. Kule chini Randall alikuwa anapiga teke tairi la gari jeusi.

Oneda aliketi. Hakuenda upande wake. Alikaa katikati, mahali ambapo ile kadi ya 1958 ilikuwa imekaa miaka yote.

"Usinishukuru," alisema Mozelle. "Nitakuchukia."

"Sikushukuru."

Kisha Mozelle akasema, huku akiichunguza ncha ya penseli ya seremala, "Kadi mbili kwa mkupuo, shoga, huoni hata kidole chako. Nimeandika mizunguko ya mwanangu miaka mitano. Kila mtu anasema anajua kuendesha." Akaigeuza penseli. "Wewe ulikuwa umeinua kichwa. Anaendeshaje?"

Oneda alimtazama. Mwanamke yule macho yake yalikuwa mekundu na si kwa vumbi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Oneda alijua kitu ambacho hakuna mwingine uwanjani aliyekiona kwa karibu vile, kwa sababu wengine wote walikuwa wanaangalia bendera.

"Kaa vizuri," alisema. "Mzunguko wa mia na tisini na nne, kona ya pili, alimgusa Verlon. Hakukusudia, nilipoinua kichwa nilimwona bado ameshtuka, anageuka kumtafuta. Wa tisini na tano gari lilimponyoka likataka kuzunguka, akalirudisha, sijui kwa nguvu gani, misuli ya shingo ilimtoka. Ana moyo, Mozelle. Anaendesha kama Burl, ila Burl alikuwa hana mikono ile." Alisimulia mmoja baada ya mwingine, na Mozelle alifumba macho, kichwa kimeinama kama yuko kwenye kadi. "Wa mwisho, kona ya nne, waliingia pamoja. Verlon alikuwa juu, kwenye uzio, hana pa kwenda. Randall angemsukuma kidogo tu, hivi, mshindi angekuwa yeye. Na hakuna ambaye angemlaumu, ndiyo mbio. Nilimwona akiutazama uzio. Halafu akageuza usukani, akamwachia Verlon nafasi ya gari moja."

Mozelle hakufumbua macho. Chozi moja lilipita kwenye vumbi la shavu likaacha njia.

"Rudia hapo," alisema. "Hapo pa kona ya nne."

Oneda akarudia.